Kompyuta Iliyofunikwa Kitambaa

Mama,

Kukarabati kitu ni kukirudisha katika hali yake ya wakati fulani uliochaguliwa. Maneno hayo mawili ya mwisho nimeyaweka kwa makusudi. Fundi anayetengeneza redio anataka iseme tu, wala hajali zamani ilisemaje. Anayekarabati analazimika kwanza kujibu swali la wakati: anatafuta hali ya siku ipi? Kwa kompyuta yetu nilichagua jioni ya mwisho ambayo iliwaka, wewe ukichambua mchele kwenye sinia na mimi nikisubiri programu iingie kutoka kwenye kaseti. Nilichagua bila kufikiri sana. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba kwa kuichagua jioni hiyo nilikuwa nimejilazimisha kuuliza kilichotokea kesho yake.

Nikueleze ilivyonifikia, maana wewe ndiye uliyeificha. Tulipomaliza matanga, Shangazi alikaa mkekani pale sebuleni kwetu Majengo akagawa nguo zako. Khanga zilikwenda kwa wanawake wa jumuiya, gauni la Pasaka kwa mdogo wako. Ilipofika zamu yangu alilisukuma miguuni pangu lile sanduku lako la bati. "Wewe Vero, sanduku ni lako. Usomi wote huo usije ukakosa pa kuwekea nguo." Nikacheka, nikaona aibu kucheka. Chini kabisa ya sanduku, ndani ya kitenge kilichofungwa mafundo manne, ilikuwa kompyuta, na waya wake, na kaseti mbili. Baba alikuwa ameagiza itupwe tangu nikiwa shule ya msingi. Aliitazama akasema tu, "Kumbe mama yako hakutupa," kisha akatoka kwenda kufunga mbuzi ambaye tayari alikuwa amefungwa.

Sijui kama unakumbuka ilivyofika kwetu kama ninavyokumbuka mimi. Mradi wa visima ulipofungwa, mhandisi mgeni aliyekuwa akiondoka alimwachia Baba, mtunza ghala wake, kompyuta ndogo nyeusi yenye vitufe vya mpira, pamoja na televisheni ndogo. Televisheni hiyo haikuwahi kuonyesha sura ya mtu, kwa kuwa wakati ule huku bara hapakuwa na kituo chochote cha kurusha picha. Majirani walikuja wakitaka kuiona Dar es Salaam, wakaonyeshwa herufi. Mama Leokadia wa nyumba ya pili alisema, "Yaani mmeletewa ubao wa shule unaokula umeme," akaenda zake.

Wewe hukuondoka. Kaseti ilipoanza kulia kwenye redio, mlio ule wa mvua ya mawe juu ya bati, uliuliza, "Hii inaumwa?" Nikakueleza kwamba ni programu inasafiri. Tangu siku hiyo ulipima safari zake kwa mchele: programu fupi sinia moja, ndefu sinia mbili, na ikikataa kuingia ulisema, "Haya, anza tena, mawe bado yapo." Nilipoandika ile programu yangu ya kwanza, iliyokuwa ikipitisha jina lako kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine, uliliangalia likipita, likipita tena, halafu ukauliza kitu ambacho nimewauliza wanafunzi wangu wa fizikia kila mwaka bila kuwaambia nilikipata wapi: "Inalijua jina langu, au inalichora tu?"

Kisha ukaishonea kitambaa. Kwa mtu wa Mpanda jambo hili halihitaji maelezo. Kitu cha thamani hakikai uchi sebuleni. Redio ina kitambaa chake cha kufuma, kochi lina chake, na kompyuta ingekuwaje mgeni pekee asiyevalishwa? Uliifumia cheupe chenye ukingo wa kijani, na kila tulipomaliza uliifunika.

Sasa siku yenyewe. Naiandika kwa mpangilio, kwa sababu mpangilio ndio ushahidi. Usiku wa jioni ile ya mchele panya walitafuna waya uliokuwa ukileta umeme kutoka kwenye betri ya gari, kwani umeme wa mji ulikuwa haupo, mafuta ya jenereta yamekwisha. Asubuhi Baba alinunua waya mwingine madukani Kashaulili, akaifunga plagi kwa mkono wake, akaichomeka. Kioo hakikuonyesha kitu. Pakatoka harufu. Baba akaondoa kitambaa, akagusa mgongo wa kompyuta, akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake: "Nani ameipika mashine hii?"

Ukasema, "Ni mimi, Baba Vero. Jana niliifunika ingali moto."

Ikawa hivyo. Hukugombezwa, Baba si mtu wa kugombeza. Lakini ukawa ndiye uliyeiua kompyuta. Shangazi hakuacha: "Wifi, usije ukafunika vifaranga vyangu, navyo nitavikuta vimekufa!" Ulicheka kuliko wote. Ila mimi nilikuona ukikivua kitambaa cha redio juma hilo hilo, na hukufuma kingine. Na televisheni za kweli zilipofika, walipokuita kutazama kwenye lile duka lenye dishi, ulikaa nyuma kabisa karibu na mlango. "Mimi na mashine hatupatani," ulisema. Watu wakacheka tena. Ulifariki ukiwa bado hupatani nazo, na hilo, Mama, ndilo lililonifanya nifungue skrubu za kompyuta ile kabla hata sijapanga siku ya kurudi chuoni.

Ukarabati wenyewe haukuwa na maajabu. Utepe unaounganisha vitufe na bodi ulikuwa umekauka na kukatika kama jani la tumbaku. Niliupunguza ncha nikauingiza upya. Nilisafisha kichwa cha redio kaseti kwa spiriti. Kaseti moja ilikuwa na ukungu. Ya pili ililia vizuri kwa muda mfupi, kisha ikaingia kwaya ya parokia: Baba alikuwa amerekodi nyimbo za Noeli juu ya programu zangu. Nilisikiliza mpaka mwisho, maana katika sauti ya pili nadhani ulikuwepo. Sina hakika, na sitaandika kwamba nina hakika.

Lakini kabla ya kubadilisha chochote nilipima. Kifaa kinachoungua kwa joto katika kompyuta ya aina ile ni kile kinachoupunguza umeme hadi volti tano. Kompyuta ingeharibiwa na kitambaa, kifaa hicho ndicho kingetangulia kufa. Nilikipa umeme peke yake: kilitoa volti tano kamili, bila kuyumba. Kilichoungua kilikuwa transista ndogo iliyo mbali nacho, na transista hiyo huungua umeme unapoingia kinyume, chanya mahali pa hasi. Nikauchukua ule waya wa Baba, ambao nao uliutunza. Chini ya kompyuta imechorwa alama inayosema katikati ya plagi ni hasi. Plagi ya Baba katikati ni chanya, kama ilivyo kwenye redio zote alizowahi kuzifunga. Alifanya vile ambavyo fundi yeyote wa mji huu angefanya.

Kwa hiyo si kitambaa. Nimelipima mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilitamani jibu hilo, na jibu ninalolitamani silipi nafasi ya bure.

Transista nyingine niliitoa kwenye redio mbovu. Jumapili baada ya misa nikaunganisha waya mpya, safari hii kwa kufuata alama, na kioo kikaandika ule mstari wa chini unaotokea kila kompyuta inapowaka, ule ambao wewe ulikuwa ukiuita salamu. Niliiandika upya programu ya jina lako kutoka kichwani. Likapita.

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakuuliza kompyuta imeponaje. Aliuliza, "Kilikuwa kitambaa?"

Ningeweza kusema ndiyo, na asingekuwa na njia ya kunipinga. Anakula kidogo siku hizi, Mama, na anakaa upande wake wa kitanda kana kwamba wako una mtu. Lakini uliyekuwa ukilipia uongo huo ni wewe, na sikuona ni kwa haki gani ningeuendeleza kwa jina lako. Niliigeuza kompyuta nikampa na plagi yake. Akavaa miwani. Aliisoma ile alama polepole, kama alivyokuwa akisoma lebo za mapipa ghalani.

"Basi ni mimi," akasema.

"Ndiyo, Baba."

Akamwita Shangazi kutoka jikoni. "Dada, njoo. Ile mashine niliiua mimi. Si mke wangu." Shangazi alisimama na mwiko mkononi, unga ukidondoka sakafuni. "Sasa ndiyo unaniambia leo?" akasema. "Leo? Nimwombe nani radhi?" Akaketi palepale kizingitini akalia, na ugali ukaungua, na hakuna aliyeinuka kuutoa.

Baadaye Baba aliniambia, "Mwandikie. Mimi nikienda kule makaburini nitasimama tu."

Ndiyo sababu unasoma haya, ikiwa kuna kusoma huko uliko. Hukuiua. Nimethibitisha. Hata aliyekuwa akikutania sasa amenyamaza.

Ningependa kuishia hapo, lakini kuna jambo moja ambalo vipimo vyangu havilifikii. Nilipokunjua kile kitenge sikukuta kompyuta peke yake; kitambaa nacho kilikuwemo, kimefuliwa. Niliivalisha kompyuta ili nione kilivyokaa. Upande wa nyuma, juu ya matundu ya kutolea joto, hukufuma. Uliacha uwazi, ukauzungushia uzi wa kijani ili usichanike. Nilisema kwanza kwamba ni wa kupitishia nyaya. Lakini nyaya zina nafasi yake pembeni, nayo ni nyembamba. Uwazi huu ni mpana kama kiganja, na unalingana na matundu hayo mwanzo hadi mwisho. Aliyeuacha alikuwa ameweka mkono wake pale kompyuta ikiwa inawaka, akahisi hewa ya moto ikitoka, na akaipa njia.

Mtu huyo alijua kitambaa chake hakikuwa kimeziba kitu.

Nimejaribu kufikiri kwamba asubuhi ile ulisahau, au hofu ya sauti ya Baba ilikufanya uyatilie shaka macho na mikono yako mwenyewe. Inawezekana. Nakumbuka pia kwamba mradi ulikuwa umefungwa, na Baba alikuwa akitembea ofisi hadi ofisi akitafuta ghala jingine la kutunza, na kitu pekee alichokuwa nacho cha kujieleza ni sifa kwamba mkononi mwake hakikuharibika kitu. Kwamba uliibeba lawama ili kuilinda sifa hiyo, hilo nalo linawezekana. Nikimuuliza Baba hataweza kunijibu, na kumuuliza kungekuwa kumwongezea mzigo.

Lala salama, Mama. Nakuahidi mambo mawili. Baba sitamwacha akae peke yake na alichokisoma Jumapili ile. Nimeomba likizo iongezwe. Na popote nitakapolisimulia jambo hili nitasema lililothibitika kuwa limethibitika, na lisilothibitika nitaliacha wazi, hata pale ambapo moyo wangu umekwisha kuchagua jibu.

Uliposema "ni mimi", ulikosea, au uliamua?

Mwanao,
Vero