Kanga za Mama Zinataja Majina Yao

Jumamosi, alasiri. Chokocho.

Mvua ya vuli imenyesha tangu alfajiri. Sasa jua limetoka na uwanja mzima unafuka mvuke. Nimekaa barazani na kompyuta mapajani, moyo umenijaa, na nisipoandika nitalia mbele za wapita njia.

Nianze na Mama.

Mama yangu, Bi Salma, macho yamemwisha. Presha ya macho ilimnyang'anya nuru kidogo kidogo, kwanza ya pembeni, kisha ya katikati, hata mwaka huu ukaingia haoni ila mwangaza wa mlangoni. Tunaishi sisi wawili tu. Baba ni marehemu, na dada yangu Asya yuko Maskati kwa mumewe. Mama hakulalamika. Aliijua nyumba upya kwa mikono: liko wapi jiko, uko wapi mtungi, inaanzia wapi kamba ya kuanikia.

Kilichomshinda ni kanga.

Asiye wa kwetu atashangaa. Lakini Mama hakuwa mtu wa kutoka nyumbani bila kulisoma kwanza jina la kanga yake. Ya harusini mbali, ya kwenda kwa mgonjwa mbali, na akiwa na neno na mtu, mtu huyo atalisoma mgongoni kwa Mama akishapita. Ana sanduku zima, nyingi katumiwa na Asya. Sasa azipapase vipi? Kwa mkono zote ni pamba, zote zina pindo.

Bi Mize ni jirani yetu, shoga yake Mama tangu usichana wao. Siku mumewe alipofariki mimi nilikuwa kazini Chake Chake. Mama aliposikia kilio alivuta kanga iliyokuwa juu sandukuni, akajitanda, akashikwa mkono na wanawake waliokuwa wakielekea huko. Akakaa karibu kabisa na mfiwa. Mara mwanamke mmoja nyuma yake akasoma, kwa sauti ya chini lakini si ya chini vya kutosha: "Mliyoyataka yamekufikeni."

Mama alisikia. Akaomba arudishwe nyumbani.

Hakutoka tena. Nilimwambia kila mtu anajua kuwa haoni. Nikamwambia nitakuwa namchagulia mimi asubuhi kabla sijaenda kazini. Akanijibu, "Mie si mtoto wa kuvishwa, Rukia." Akawa anashinda ndani na baibui lake jeusi, kutwa. Na kwa Bi Mize, ambaye yumo edani na hawezi kutoka kumfuata, hakukanyaga.

Nilikuwa nikirudi jioni namkuta amekaa palepale nilipomwacha. Hilo ndilo lililonitesa, zaidi ya macho.

Kazi yangu ni kompyuta na mitandao. Hivi karibuni tulifunga mfumo wa chipu katika maktaba ya chuo kimoja. Kila kitabu kimebandikwa chipu nyembamba kama karatasi, na kikiwekwa juu ya kisomaji, kompyuta inakitambua. Chipu yenyewe haina betri. Imelala tu, mpaka kisomaji kiiamshe, itaje namba yake, ilale tena. Siku moja nimeshika kitabu pale mezani, nikamkumbuka Mama na sanduku lake. Nikasimama hivyo hivyo, mpaka mwenzangu akaniuliza kama naumwa.

Nikaagiza kisomaji kimoja kutoka Dar es Salaam, pamoja na chipu za kushonea, zile zinazotiwa kwenye mashuka ya mahoteli, haziharibiki kwa maji wala kwa pasi. Nilipomweleza Asya, naye akataka awe na mkono katika jambo hili. Basi nikawa nashona chipu kwenye pindo la kanga, naipiga picha, namtumia pamoja na namba ya chipu yake, naye anarekodi jina la kanga kwa sauti yake huko huko Maskati. Kisomaji nimekiunganisha na ruta ya intaneti. Namba inakwenda kwenye mtandao, na sauti inarudi kwenye spika yake.

Kwa maneno ni rahisi. Kwa vitendo nilikaribia kukitupa baharini.

Kwanza nilikiweka juu ya sanduku, kikawa kiziwi kabisa. Nilihangaika na programu mpaka nikachoka, kumbe sanduku limepigwa shaba kila mahali, na chuma na shaba ni adui wa vitu hivi. Nikakihamishia kwenye kigoda cha mbao, kikasikia. Kisha kila umeme ukikatika, ruta ilikuwa inakipa kisomaji anwani nyingine, na programu inabaki kukitafuta kwenye anwani ya zamani. Nikakipa anwani moja ya kudumu. Halafu kikawa kinasoma kanga mbili kwa pamoja, iliyo juu yake na iliyo pembeni, na sauti zinapandana kama wanawake wanaogombana kisimani. Nikakipunguzia nguvu, kisikie kilicho juu yake tu.

Leo asubuhi, mvua ikipiga bati, nikamkalisha Mama mbele ya kigoda.

"Mashine isome kanga?" akauliza. "Imesoma chuo gani?"

Nikamwekea mkono wake juu ya kisomaji, kisha nikampa kanga. Akapapasa kona, akaigusa chipu ndani ya pindo, akaiweka. Tukangoja. Mtandao wetu unajikokota ikinyesha.

"Mama," ikasema sauti ya Asya, "hii ni ya kijani, ina maua meupe. Jina lake 'Kwa mama sina mpaka.' Nilikuletea Idi ile ulipokuwa huwezi, umelala kitandani."

"Labeka, mwanangu," Mama akaitika.

Nikamwambia hiyo ni sauti ya kurekodi, Asya hamsikii.

"Najua. Lakini kaniita."

Nikatoka nje kidogo, nikajifanya naangalia ndoo za mvua.

Niliporudi alikuwa amezipitia nyingi, peke yake. Nyingine nilirekodi mimi, na moja ina kelele za gari la kampeni lililopita barabarani siku ile. Hiyo Mama aliirudia tena na tena huku akicheka, akasema hata chama kimo ndani ya sanduku lake. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka hivyo.

Kisha akaiweka ile ya msibani.

"Mliyoyataka yamekufikeni," Asya akasoma. Nilijilaumu kwa kuitia chipu. Mama aliishika muda mrefu. Nilidhani atasema nikaichome.

"Hii iweke chini kabisa," akasema. "Ina watu wake, lakini si leo."

Akaendelea kutafuta. Alipofika kwenye "Tuombeane heri" akaacha, akavua baibui, akajitanda mwenyewe. Akaniambia nimpeleke kwa Bi Mize.

Njiani simuni mwangu ukaingia ujumbe. Asya, aliyekuwa anafuatilia kwenye mtandao kila kanga inayosomwa, ameandika: "Kaishia 'Tuombeane heri.' Mbona kimya? Anakwenda wapi?" Nikamjibu anakokwenda. Akanitumia sauti, nikaifungua, haikuwa na neno, ni kilio kitupu.

Bi Mize alikuwa amekaa kitandani mwake. Mama hakukaa. Alisimama mlangoni akasema, "Mize, siku ile, kanga..."

"Kanga gani?"

"Niliyokuja nayo."

"Salma, mie n'nalia mume wangu, n'tasoma kanga?" Bi Mize akavuta pumzi. "Lililoniuma ni kuwa hukurudi. Kila mtu kaja. N'liyekuwa n'kimngoja hakuja."

 Mama alinyoosha mkono tu, mbele yake, hajui mwenzake yuko upande gani. Bi Mize akaupokea, akaupeleka usoni mwake, akauacha hapo ili Mama ajue mwenyewe jinsi alivyokonda.

Wakakaa hivyo. Mimi nikatazama dirishani.

Baadaye vidole vya Bi Mize vikagusa pindo. "Hiki kigumu nini?" Basi Mama akaanza kumweleza habari za mashine, kwa fahari, na chumvi kidogo: eti hata Maskati nzima wanajua leo kavaa nini. Bi Mize akasema eda ikimalizika na zake zitiwe. Nimekubali. Sijui kama chipu zilizobaki zitatosha.

Kisha Mama akanigeukia. "Nenda zako nyumbani, Rukia. Tuna mazungumzo. N'takupigia uje unichukue."

Nimerudi peke yangu. Nimepika, nimefagia, nimeanika kilicholowa. Nyumba inanishangaza kwa ukimya wake. Nilizoea kuuogopa ukimya huu, nikidhani siku moja utakuja kwa sababu nyingine.

Sasa jua linazama na msikitini wanajaribu kipaza sauti kwa adhana ya magharibi. Simu iko hapa pembeni yangu, haijalia. Naomba ichelewe kidogo.