Kifaa cha Mama Kimo Kwenye Kopo la Vifungo

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

U hali gani huko uliko? Kifua kimepona, au bado unalala madirisha wazi kwa ubishi? Sisi huku wazima. Mama naye mzima, yuko kwenye cherehani tangu asubuhi, ila masikio yake ndiyo yamenikalisha nikuandikie, maana mwenzio sielewi tena.

Kifaa cha kusikia ulichomtumia kilifika salama. Mpimaji wa masikio alipompachika tu, Mama akashtuka: kumbe cherehani yake ina kelele! Alicheka mpaka machozi. Siku mbili nzima alizunguka nyumba akisikiliza bomba, mlango wa kabati, hata kijiko kwenye kikombe.

Siku ya tatu akakivua, akakitia kwenye kopo la vifungo. Nikimuuliza, ananijibu, "Nimezoea nilivyo, mwanangu."

Basi nikaanza hotuba zangu. Nikamwambia huo ni ukaidi wa uzee. Shemeji yako naye akatia lake, eti mazoea yana taabu. Nilikasirika kwelikweli, maana juzi Mama alivuka barabara bila kusikia honi, dereva akafunga breki hatua mbili tu kutoka kwake. Nusura tumzike kwa ubishi wake.

Jana nikamkalia kooni, kwa sauti ya juu kama tulivyozoea, mpaka akaweka mkasi chini.

"Siku ile ya pili nimekivaa, mlikuwa jikoni," akasema. "Ukamwambia mumeo nimekuchosha, kuongea na mimi ni kama kusukuma gari bovu. Miaka sita nawaona mkiongea, nadhani mnaongelea mapishi."

Mdogo wangu, nilikosa pa kuuweka uso. Ni kweli nilisema. Nimezoea kusema lolote mbele yake, hata sijisikii kama nasema. Na ajabu ni kwamba leo asubuhi, pamoja na aibu yote hiyo, nimejikuta nanung'unika tena nyuma ya kiti chake! Sasa kati yangu na yeye, nani hataki kubadilika? Nikimbembeleza akivae, namhofia magari, au nataka tu yaishe nisijione mbaya? Kichwa kinaniuma kwa kuwaza.

Mchana nilipiga magoti kando ya cherehani, nikamwomba radhi. Niliongea chini chini, maana kupaza sauti majirani wasikie niliona haya. Alinitazama mdomoni, akanishika shavu, akasema, "Chai ipo kwenye chupa." Sijui hakusikia, au aliamua kunisitiri.

Nisalimie wifi na mapacha. Shangazi muuza maua anakusalimu, anauliza picha. Mungu akupe afya na akurudishe kwetu salama.

Mama naye anakusalimu sana. Amenisimamia hapa begani, anasema nikuandikie kwamba kifaa kinamfaa mno na anakivaa kila siku.

Wako akupendaye, asiyejua afanye nini,
Dada yako