Masanja, Twende Nyumbani

Baba Pendo,

Nimeanza na jina hili kwa sababu ndilo ulilolizoea kinywani mwangu, ingawa ninachotaka kukueleza kinahusu lile jingine. Lile nililokuita porini tu, hema likiwa limeshakunjwa.

Zipu iliendelea kufunguka. Kila kulipopambazuka niliisikia kutoka stoo, ule mfuko wa hema ulipo, juu ya sanduku lako la spana. Ilifunguka polepole kama ulivyokuwa ukiifungua wewe ili usiwashtue wanyama, ikakwama pale meno yalipoharibika, kisha ikaendelea. Mimi nililala macho wazi nikingoja utoe kichwa nje na kusema, "Dunia bado ipo." Hukusema. Zipu niliizoea, Baba Pendo, lakini huko kunyamaza kwako ndiko kulikonimaliza. Siku moja niliutoa ule mfuko, nikauzungushia kamba ya manila na kuufunga mafundo ya hasira. Kesho yake zipu ikafunguka vilevile.

Unakumbuka majirani walivyotucheka tulipolinunua lile hema mitumbani? Mama wa nyumba ya pili alishika kiuno akauliza, "Nyie mnaenda kulala porini kwa hiari yenu? Si mwende tu kwenu Sibwesa, pori lipo la kutosha!" Ukamjibu kwamba Sibwesa ulilala porini utoto wako wote, ila ulikuwa na ng'ombe wa baba yako, na ng'ombe hawakupi usingizi. Ulitaka ulale porini na mke wako, usiwe na mnyama wa kuhesabu asubuhi. Akacheka mpaka kanga ikamfunguka. Mimi niliona aibu kidogo, halafu nikafurahi siku nzima.

Kila kiangazi tulimwacha Pendo kwa mama yako, tukaazima Land Cruiser ya yule mzee wa mbao ambaye gari lake ulilitengeneza mpaka likawa kama la kwako, tukapita Sitalike tukaingia hifadhini. Watu hudhani Katavi ni kijani. Wangeiona Oktoba! Nyasi zimekauka zimekuwa rangi ya mkate, ardhi imepasuka hadi mguu unazama kwenye ufa, vumbi ndilo chakula, na mto umebaki dimbwi la tope ambalo viboko wamejazana kama viazi kwenye sufuria. Na mbung'o. Ulijua wazi kwamba mbung'o wanapenda rangi ya bluu, na bado ulivaa ovaroli yako ya bluu kila mara. Ulisema unawavuta waje kwako, waniache mimi. Waliniuma hivyohivyo, lakini nilikuacha uamini.

Utaratibu wa kuondoka ulikuwa wangu. Niliutoa kwa bibi yangu wa kule Mpimbwe, aliyenilea. Yeye alisema mtu aliyelala porini haondoki kimya. Mwenzake anamwita kwa jina alilopewa alipozaliwa, anamwambia twende nyumbani, naye aitike kwa mdomo wake ndipo miguu iondoke. Asiyeitika, mwili unarudi, mwenyewe anabaki. Mara ya kwanza ulinicheka. Mara ya pili ulinikumbusha wewe. Nadhani ulipenda kusikia nikikuita Masanja. Nyumbani nisingethubutu, mama yako angeshika kichwa.

Safari ile ya mwisho ulikuwa umepanda juu ya gari unafunga mizigo. Ulikuwa na hasira na kigingi kimoja cha hema. Ulikuwa umekigongelea kwa nguvu zako zote za kifundi, kikagoma kung'oka, ukakipiga teke, ukasema, "Kibaki. Mwakani tutakikuta." Nikakuita, "Masanja, twende nyumbani." Nawe, mtani wa kila mtu, ukajibu ukiwa na kamba mdomoni, "Tangulieni nyie. Mimi nabaki na viboko."

Nikacheka. Nilicheka, Mungu wangu, mpaka nikashika mbavu. Halafu ukateremka, ukaniita Siwema kwa sauti ya bibi yangu, nikaitika kwa adabu zote, tukaondoka.

Mwezi haukuisha ukaanguka gereji, asubuhi, mkononi una kikombe cha chai. Walisema ni presha. Tulikuzika Sibwesa karibu na baba yako, watu walikuwa wengi, hata yule mama wa nyumba ya pili alilia kwa kugaragara. Nami nilisimama pale kaburini nikiwaza jambo moja tu, na sikuweza kumwambia mtu: huyu wanayemfukia hayupo humu. Yuko Katavi. Alisema mwenyewe kwamba anabaki.

Usinicheke. Najua ungesema mwanamke amesoma, anafundisha sayansi sekondari, anaamini mambo ya bibi yake. Mchana nilikuwa siamini. Lakini kunapopambazuka, zipu inapofunguka, ungeamini na wewe. Nilikuona kwenye jua kali, hakuna kivuli hata cha kijiti, umekaa juu ya gari ambalo halipo, unafunga kamba isiyoisha. Nikawa nafundisha huku nakuona. Pendo alikuwa akiniita mezani, anaita tena, mpaka anakuja kunishika mkono. "Mama, si nakuita?" Mkono wake wa moto ndio ulionirudisha, kwa muda mfupi.

Alimweleza bibi yake kwa simu. Mama yako akapanda basi kutoka Sibwesa mpaka hapa Mpanda, akaingia ndani bila hodi na kuku wake chini ya kwapa. Akanitazama. Akauliza, "Mama Pendo, siku hizi unakaa wapi?" Nikasema, "Nipo hapa, mayu," nikimwita mama kama ulivyomwita wewe. Akasema, "Hapa hupo."

Basi nikamwambia yote. Kigingi, viboko, kamba mdomoni. Nilitegemea atanikemea, maana unamjua na kanisa lake. Akaendelea kumnyonyoa kuku kwanza. Kisha akasema, "Huyo tangu mdogo ukimwita machungani haitiki. Nilikuwa namfuata mwenyewe." Akanawa mikono. "Tutamfuata."

Mzee wa mbao alituendesha mwenyewe, na njia nzima hakuuliza kitu, Mungu ambariki. Tulifika jua la utosini. Mahali pale pako vilevile, Baba Pendo. Mafiga yetu yapo, meusi. Viboko wako wapo kwenye tope lao, wanakoroma. Na kigingi kipo. Nilikiona kwa mbali kinang'aa, nikakaa chini kwenye vumbi na suruali yangu nzuri. Nilikishika. Kilikuwa kinachoma kwa jua. Nilikivuta mpaka kiganja kikachubuka, hakikutikisika hata kidogo. Nilihisi kuna mtu amekishika upande wa chini. Naandika hili nikijua linavyosomeka, na silifuti.

Mama yako alinisogeza. Akamimina maji yake ya kunywa pale kilipoingia, akangoja akiongea na mzee wa mbao habari za malisho, akamimina tena. Kisha akakizungusha kwa vidole viwili kama anavyong'oa vigingi vya kufungia ndama, kikatoka. Akakifuta kwenye kitenge chake. "Haya, mwite."

Nikakuita. Masanja, twende nyumbani. Upepo ulikuwa umekatika, hata viboko walinyamaza. Nikaita tena, sauti ikavunjika katikati ya jina lako. Hakuna kitu, Baba Pendo. Uwanda mweupe na mtetemo wa joto. Ndipo mama yako akaweka mikono mdomoni kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto, akaitika kwa niaba yako, kwa sauti kubwa, "Nakuja!" Akageuka akaniambia, "Nilimzaa mimi. Mdomo wake ni wangu."

Nikafikiri yameisha. Nikaelekea kwenye gari. Akaniita kwa nyuma, "Siwema."

Tangu unioe hajawahi kuniita hivyo. Sikujua hata kama analikumbuka. "Siwema, twende nyumbani."

Sikuitika. Lazima nikuambie hili, maana ndilo nililokuwa sijui mpaka pale. Ulimi ulikataa. Nilitaka kubaki. Nilikuwa nimebaki siku nyingi, nimekaa nawe juani, ninakushikia kamba. Nilitazama tope, nikatazama mafiga, nikaona ni rahisi mno kukaa chini pale na kuacha mwili wangu urudi Mpanda kusahihisha mitihani. Mama yako hakunishika mkono wala hakunisogelea. Alisimama na kigingi chake juani, mwanamke wa umri ule, midomo imekauka kwa sababu maji yake ya kunywa aliyamwaga. Akaita tena. Akaita tena. Nikaelewa kwamba mtoto mmoja amemkosa na sasa anamwita mwingine.

"Naam, mayu," nikasema. "Nakuja."

Tulilia wote wawili ndani ya gari mpaka Sitalike. Mzee wa mbao alilia pia, akasingizia vumbi.

Kigingi kiko Sibwesa, amemfungia mbuzi. Ungecheka sana.

Nimekuandikia leo kwa sababu leo kumepambazuka na zipu haikufunguka. Juzi haikufunguka, jana pia. Nililala macho wazi nikingoja, na nilichosikia ni jogoo, pikipiki barabarani, na Pendo anakoroma. Ndicho nilichokwenda kukiomba, na kinauma kuliko zipu. Nimefika mpaka mlango wa stoo nikaweka sikio. Nimefungua mafundo ya kamba. Mfuko umelala kimya, ni turubai tu.

Kwa hiyo umefika. Pumzika hapo kwa baba yako, na ukiwa na utani, mtanie yeye.

Kwaheri, Masanja. Naliandika jina lako mara ya mwisho, kisha nitarudi kukutaja kama watu wengine wanavyokutaja, marehemu Baba Pendo. Nakuahidi jambo moja tu. Pendo ameamka, yuko jikoni, ananiita. Naenda kuitika.

Siwema