Kitufe cha Kutoa Maji

Jumatatu, 6 Mei 1996
Programu imeanguka tena. Mara ya nne tangu Ijumaa, na foleni ya magunia ya chai imefika geti la kiwanda. Programu yangu inafungua maktaba, faili ya amri tuliyoletewa na watu waliotuuzia mizani, inaiita, kilo zinaingia zenyewe. Mara kisanduku cha kosa, halafu kimya. Uzani wote wa asubuhi umepotea. Wakulima wa Kimulot wamepimiwa upya kwa mvua. Mmoja ameniita bure kabisa. Shenzi.

Jumanne, 7 Mei
Nimegundua kitu. Inaanguka kwa zamu ya Joyce tu. Joyce Chepkemoi, karani wa mizani, miaka kumi na moja hapa. Kipkoech, karani mwenzake, hana shida. Basi ni mkono wake. Anabonyeza ovyo. Nimemwambia, akanijibu anafanya vile nilivyomfundisha. Jeuri!

Alhamisi, 9 Mei
Meneja ametaka ripoti. Watu wa mizani wanasema maktaba yao ni safi. Programu yangu pia ni safi. Nimeandika: kosa la karani. Nimetia sahihi.

Ijumaa, 10 Mei
Joyce ametolewa mizani. Amepewa kikapu, akachume chai. Alipita mlangoni pangu bila kunitazama. Wakulima wa foleni wanasema alikuwa anaharibu mashine makusudi, awaongezee watu wa kwao Boito kilo. Mimi sikusema hivyo. Sikukanusha pia.

Alhamisi, 16 Mei
Haijaanguka hata mara moja. Binamu wa meneja ndiye amekalia kile kiti. Si nilisema?

Jumanne, 21 Mei
Wageni wa kiwanda kingine wamekuja kuona mfumo. Mvua kubwa, majani yamelowa chepechepe. Nikakaa kwa mizani mwenyewe, niwaonyeshe. Nikabonyeza Toa Maji, kitufe cha kupunguza uzito wa maji kwenye majani. Ikaanguka. Nikawasha upya, nikabonyeza. Ikaanguka. Mbele yao wote!

Kipkoech akacheka. Eti hicho kitufe hakuna anayekigusa. Wao hukata kilo mbili kwa macho tu, wanaandika. Ni Joyce peke yake alikuwa anakitumia.

Jumatano, 22 Mei
Karatasi za maktaba zilikuwa kwa droo yangu. Sikuwahi kuzisoma zote. Amri ya kupunguza inapokea namba mbili: kilo, na maji. Programu yangu inaipa moja. Maktaba inaondoa mbili hata hivyo, ya pili ni ile ya kuionyesha njia ya kurudi, na ikimaliza haijui irudi wapi. Ndiyo inaanguka. Mstari mmoja, wangu. Nimeurekebisha kabla chai yangu haijapoa. Nimebonyeza mara hamsini, iko sawa.

Mjinga mimi. Mjinga na mwoga.

Alhamisi, 23 Mei
Nimempelekea meneja ripoti mpya. Ameiweka chini ya kikombe. Eti mashine imepona, nafasi imejaa, yaishe. Nilitaka kumtukana. Nikasema sawa, bwana.

Jumapili, 26 Mei
Nilienda Boito baada ya kanisa. Mume wa Joyce alinipa kiti, hakunisalimu. Joyce akaleta mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni. Vidole vyake vimeshaingia weusi wa majani. Nikaeleza yote: mstari, namba, sahihi yangu. Alinisikiza mpaka mwisho.

“Mimi nilijua,” akasema. “Waambie hao wa foleni.”

Nikamaliza maziwa, nikashukuru. Kesho mizani inafunguliwa saa mbili.