Kesi ya Kuku wa Dongobesh

Yaeda Chini, 18 Mei 2025

Mpenzi Mama Leticia,

Hujambo wewe na kikohozi chako cha vumbi? Wagonjwa wako wa zahanati wanaendeleaje? Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kama redio na kukosea kama redio.

Barua hii nimempa Gidamis dereva, maana habari yenyewe si ya simu. Ningepanda kile kilima cha mtandao na kupiga kelele hadi fisi nao wajue. Kaa kwanza. Umekaa? Uhamisho umetoka! Shule zikifungwa Juni nafunga godoro, naja Katesh, na safari hii sirudi.

Miaka ishirini na nne ya ndoa, mke wangu, tumeishi kama mapadre wa parokia mbili: Juni, Desemba, na Pasaka barabara ikipitika. Sasa nimejikuta na swali. Watu waliooana, wakikaa nyumba moja siku zote, huwa wanafanya nini? Usicheke, nimefanya utafiti.

Nilianza na Kelvin, mwalimu wetu mpya aliyeoa Januari. Akasema, "Mwalimu, sisi tunaangalia video kwenye simu moja, kila mtu na waya wake sikioni." Nikamuuliza, na chaji ikiisha? Akanitazama kama nimemtabiria msiba.

Nikaenda kwa mzee Akonaay na mkewe. Hao kila jioni wanapukuchua mahindi na kubishana juu ya ng'ombe mwekundu aliyekufa. Mama anasema alikufa kwa uzembe wa mzee. Mzee anasema mama ndiye aliyeacha zizi wazi. Nikauliza, alikufa lini? "Kabla ya huyu kuzaliwa," wakasema, wakinionyesha kitinda mimba wao. Ana mvi, Mama Leticia!

Sisi tulipokuwa na umri wa Kelvin tuliweza. Unakumbuka tulipotoka Mbulu kuja Katesh, gari likatufia Dongobesh? Tulikaa kwenye baraza la duka tukiongea mpaka fundi akaja kesho yake, na yule kuku wa kuchemsha tuliyefungiwa na shangazi yako ukammaliza peke yako.

Nitakuja na asali.

Mumeo,
Baba Leticia


Katesh, 25 Mei 2025

Baba Leticia,

Salamu nimezipokea. Kikohozi kimepungua, wagonjwa wanaongezeka. Leticia amepiga simu kutoka chuoni, mzima; Yona naye huko bweni analalamika ugali, kwa hiyo ni mzima kabisa. Hilo goti usilipake mafuta ya dukani, nitaliangalia mwenyewe.

Habari yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Karibu nyumbani, mume wangu. Ila ujue nyumba hii niliyohamia baada ya lile poromoko la tope la mlimani wewe huijui vizuri. Swichi ya sebuleni iko nyuma ya mlango, na kile kiti cha dirishani nimekizoea mimi. Kitanda nalala katikati. Nitajifunza kusogea.

Swali lako nimempelekea Hajira wa maabara. Yeye na mumewe, Idrisa, wana duka, watoto wanne, na umri wetu. Akacheka mpaka akashika meza. "Sisi? Tunapishana mlangoni. Yeye ananiuliza sukari imebaki kiasi gani, mimi namuuliza nani atamchukua mtoto. Hayo ndiyo mapenzi ya umri huu, dada." Sijui kama nilifurahi.

Kuhusu kuku: usinisingizie. Mimi nililala. Nilipoamka palikuwa na mifupa na wewe ukijifuta mdomo kwa shati la harusi.

Ukimbizane na mabasi taratibu.

Mkeo,
Mama Leticia


Katesh, sebuleni, 12 Agosti 2025

Mpenzi Mama Leticia,

Mimi hapa sebuleni ni mzima. Hofu yangu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu, kwa ukuta mmoja. Huko jikoni hamjambo? Nasikia sufuria, naamini mko salama.

Usishangae. Nimejaribu kukuambia haya kwa mdomo tangu Jumapili, na kila nikifungua kinywa natoa habari ya upepo. Upepo wa Katesh tumeumaliza, hauna jipya tena.

Ile ratiba niliyobandika ukutani, "Saa kumi na moja: Mazungumzo", nimeona umeibandua ukaniwekea chini ya chupa ya chai. Nilistahili. Mtu mzima anampangia mkewe kipindi, kisha anakaa kumngoja kama mkaguzi! Siku nilipokupeleka kunywa soda mjini ilikuwa mbaya zaidi. Vijana wa meza ya pili walikuwa wakicheka na simu yao, na sisi tulikuwa tunaangalia chupa, kila mmoja akisubiri ya mwenzake iishe. Nimepanga vikombe vyako vya kabati kwa ukubwa, kisha nimekuona ukivirudisha ulivyokuwa, polepole, nisisikie.

Sasa sikiliza. Mwalimu mkuu wa Yaeda amenipigia. Nafasi yangu haijajazwa, na nikitaka kurudi watanisaidia, ila anataka jibu kabla ya Ijumaa jioni. Nilidhani ningekataa papo hapo. Sikukataa. Nimeona unavyosogea kitandani hadi ukingoni kunipisha, nikajiuliza kama nimekuja nyumbani au nimekuja kukubana.

Nikae au nirudi? Barua nitaiegemeza kwenye kopo la chumvi. Mimi natoka kidogo, naona aibu.

Wako,
Baba Leticia


Katesh, jikoni, 13 Agosti 2025

Baba Leticia,

Hapa jikoni hatujambo. Barua yako nimeikuta, na chumvi imemwagika.

Nimeisoma mara mbili, na ya pili nilicheka peke yangu mpaka jirani akaita, "Mama Leticia, kuna wageni?" Nikamjibu, ndiyo, mume wangu amekuja. Akasema, "Si alikuja Juni?"

Huyo niliyekuwa nacheka naye ndiye ninayemjua. Yule wa barua, wa goti na fisi. Miaka yote nikitoka zamu nimechoka, Gidamis akipita na barua yako, nilikuwa nakaa kiti cha dirishani na kusoma, na hapo nilikuwa na mume. Kisha Juni akashuka kwenye basi mwanamume mwingine, mpole, ana godoro, ananiomba ruhusa ya kufungua dirisha la nyumba yake mwenyewe. Nimekuwa nikijiuliza: yule mwingine alibaki Yaeda?

Na mimi si bora. Najua nikikuona nakuuliza umelala vipi, umekula nini, choo kimepatikana? Nimewauliza hivyo wagonjwa mpaka sina maswali mengine. Juzi nusura nikupime presha ili tu tuwe na jambo la kufanya. Hiyo soda nami niliimaliza kwa shida, Mwalimu. Nilikuwa nimevaa gauni jipya, hukusema kitu, ukasema upepo.

Kitandani nasogea kwa sababu unakoroma, siyo kwa sababu unanibana.

Kuhusu Yaeda, hilo swali silijibu kwa karatasi. Njoo uniulize uso kwa uso, na usianze na hali ya hewa. Nitakuwa mezani nachambua maharage.

Kuku ulimla wewe.

Mkeo,
Mama Leticia


Katesh, mezani, Ijumaa, 15 Agosti 2025

Mpenzi Mama Leticia,

Sikuulizi hali, nakuona. Umekaa mbele yangu na ungo, unajifanya huisomi barua hii kichwa chini miguu juu. Soma tu.

Nimekuja kuuliza kwa mdomo kama ulivyoagiza, nikakuta upepo tu mdomoni, ndiyo maana nimechukua kalamu. Gauni lile lilikuwa la kijani, lina vifungo mabegani, nililiona kabla hujafunga mlango. Nilisema upepo kwa sababu nilikuwa naogopa.

Mwalimu mkuu nimempigia mchana huu. Nimemwambia samahani, siwezi kuondoka Katesh, nina kesi. Akashtuka: "Kesi gani tena, Mwalimu?" Nikasema, ya kuku. "Itaisha lini?" Nikamwambia kuna mzee hapo kwenu ana ya ng'ombe, akamuulize yeye.

Umecheka, umemwaga maharage. Acha, nitaokota. Basi naleta ushahidi wangu. Kwanza, shahidi ni mimi, na nilikuwa macho. Pili, shati la harusi lilikuwa na mafuta ya gari, si ya kuku, fundi aliniomba nimshikie spana. Tatu, yule kuku alikuwa na mapaja mawili, na asubuhi ile hapakuwa na hata

Muongo! Lete hiyo kalamu. Paja moja lilibaki, nililifunga kwenye kitenge, na wewe ndiye uliyesema unalinusa tu. Geuza kiti chako huku tuanze upya.
M. L.