Mtihani Niliofichwa na Shemeji

Homa Bay,
Jumapili jioni

Dada yangu mpendwa Boke,

Nakusalimu sana, wewe na watoto. Kile kikohozi cha Gati kimepona? Na mahindi ya shamba la juu yamefika wapi? Nasikia huko Ntimaru mvua imewahi. Mimi mwilini sina ugonjwa. Nakula, nafanya kazi, Jumapili naenda kanisani. Lakini roho yangu haiko sawa, ndiyo maana sikungoja mwisho wa mwezi. Tena barua hii sikumpa shemeji Marwa aitie pamoja na yake kama siku zote. Nimenunua stempu mwenyewe. Tafadhali isome watoto wakiwa wamekwenda kuchota maji.

Unakumbuka mumeo alivyosema mbele ya baba siku ile nilipoondoka: "Nipeni Mwita, mimi nitamfanya dereva." Baba alitaka nibaki na ng'ombe, na wewe ndiwe uliyeniombea. Nilikuja kwa furaha. Tangu wakati huo mimi ni taniboi wa Marwa kwenye lori ya Mzee Onyango. Napakia pamba, nafunga turubai, na lori ikisimama mlimani naruka chini kuweka gogo nyuma ya gurudumu. Sikulalamika hata siku moja, kwa sababu nilijua najifunza. Barabara ikinyooka, huko upande wa Rodi Kopany, shemeji alikuwa akiniachia usukani kidogo. Lakini nikimwomba anifundishe kurudi nyuma, alisema, "Pole pole, Mwita. Sikiliza injini kwanza."

Basi mwaka huu Mzee Onyango akanunua lori ya pili. Akatangaza mbele yetu sote kwamba anataka dereva mwenye leseni. Nikamwuliza shemeji kama mtihani uko karibu. Akaniambia inspekta wa mtihani amehamishwa, na mwingine haji mpaka pamba yote iishe. Nikamwamini. Nani angekosa kumwamini mume wa dada yake?

Jumanne iliyopita nilikuwa nakunywa uji kwa Min Atieno, mama mmoja anayepika karibu na gereji yetu. Akanimiminia, akasema, "Ja-Kuria," kama Wajaluo wanavyotuita sisi Wakuria, "na wewe utakuwa na hao wa mtihani kesho kutwa?"

"Mtihani gani, mama?"

"Wa magari. Inspekta anakuja kutoka Kisii. Si lori yenu ndiyo Otieno atafanyia? Marwa anamfundisha kila jioni pale uwanjani."

Nikacheka, nikadhani amekosea mtu; Otieno nilimjua kama kijana wa mtaani tu. Jioni shemeji huniambia anapeleka lori kupimwa breki. Nikamwuliza, "Kwa nini Marwa amfundishe Otieno aniache mimi, na mimi ni shemeji yake?"

Min Atieno akanitazama kama mtu asiyejua acheke au anyamaze. Akasema, "Lakini Otieno naye ni shemeji yake. Dada yake si ndiye anakaa na Marwa?"

Dada, nisamehe. Nimezunguka maneno mengi nikitafuta njia nzuri ya kuliandika hili, nikaona hakuna. Marwa ana mwanamke hapa Homa Bay, na wana mtoto. Watu wa gereji wote wanajua. Walinyamaza mbele yangu wakifikiri nami najua, kwamba nyumbani kwetu jambo hilo limekubaliwa. Uji ule sikuumaliza.

Sikwenda kwa Marwa. Nilikwenda kwanza kwa Mzee Onyango. Nilimkuta dukani kwake akipima unga. Nikamwambia nataka kufanya mtihani. Akashangaa.

"Wewe? Marwa aliniambia umekataa. Anasema unaogopa gari, unataka kurudi kwenu kulima."

"Mimi sijasema hivyo, Mzee."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Akaweka kipimio chini. Akafikiri, akasema, "Mimi maneno ya nyumba yenu siingii. Otieno nimeshamkubalia, na lori nimempa Marwa amfundishie mpaka siku ya mtihani. Lakini pikapu ya unga iko hapa. Njoo kesho."

Akaenda mwenyewe boma, kwenye ofisi ya serikali, kuniombea nafasi. Jumatano tulishinda kwenye mteremko ule wa kushuka ziwani, mimi kwenye usukani na yeye pembeni, kofia magotini. Alinisimamisha katikati ya kilima akaweka kibiriti nyuma ya gurudumu. Gari ikirudi hata kidogo, kibiriti kinapondeka na umeanguka. Cha kwanza nilikiponda. Cha pili nikakiponda. "Ja-Kuria, unanimalizia vibiriti!" alipiga kelele. "Acha klachi ikuambie! Sasa kanyaga!" Mchana kibiriti kilibaki kizima, naye akapiga makofi mpaka wanawake waliokuwa wakitoka kununua samaki wakasimama kutazama. Alinifundisha pia ishara za mkono. Kurudi nyuma hatukufikia, kwa sababu unga ulipaswa kupelekwa.

Jioni ile nikamkuta Marwa gereji, peke yake, anapangusa kioo cha lori.

"Shemeji," nikasema, "mtihani ni kesho."

Hakugeuka. "Nani amekuambia?"

"Wewe uliniambia inspekta haji mpaka pamba iishe."

"Mambo yalibadilika."

"Na dada yake Otieno, mambo yake yalibadilika lini?"

Hapo akaacha kupangusa. Akaketi kwenye ubao wa kupandia. Akasema, "Mwita, mimi nakaa mbali na nyumbani. Yule mwanamke amenizalia. Ndugu yake hana kazi, na kila siku pale ndani ni maneno hayo tu. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungemwandikia Boke siku ile ile." Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama anayejitetea, "Hata mama anajua. Alikuja akamwona mtoto."

Dada, ni safari ile mama mkwe wako aliyosema anakuja hospitali kutibiwa macho. Uliuza kuku wako ili apate nauli.

Nikaegemea lori. Marwa akadhani nimelainika. Akafungua mlango wa lori. "Ingia. Bado kuna mwanga. Nitakufundisha kurudi nyuma sasa hivi, kesho utapita, na Mzee hatakosa kazi ya kukupa. Lakini habari ya nyumba yangu niachie, nitamwambia Boke mwenyewe."

"Utamwambia lini?"

"Krismasi."

"Krismasi ipi?"

Akarudia kupangusa kioo. Nilikuwa nimeshika mlango ule. Sitakudanganya, dada, nilitaka kuingia. Niliitaka leseni kuliko kitu chochote. Halafu nikakuona wewe unamshika kuku miguu ukimpeleka sokoni, nikaufunga mlango na kuondoka.

Alhamisi tulikusanyika uwanjani karibu na boma. Inspekta ni Mwafrika, siku hizi si Mzungu tena, mtu mrefu asiyecheka. Aliniuliza maswali ya barabarani, nikajibu yote. Kilima nikapanda na lori ya Marwa, kibiriti kikabaki kizima. Nikaanza kuona mkono wangu umeshika leseni. Kisha akasema, "Rudisha nyuma, uingie kati ya yale mapipa."

Lori si pikapu, dada. Nilikata usukani huku, mkia ukaenda kule. Pipa la kwanza likalala. Nikajaribu kunyoosha, nikasikia la pili. Watu wakacheka. Inspekta akaniamuru nishuke.

"Mbele unaendesha vizuri," akasema. "Nyuma hujui hata kidogo. Nani alikufundisha?"

Marwa alikuwa amesimama hapo hapo na Otieno, kwa sababu yeye ndiye dereva wa lori ile. Akainama, akajifanya anatazama gurudumu. Nikasema, "Hakuna mtu, afande."

Otieno alipita. Kesho anaanza na lori mpya. Yeye simchukii. Alinifuata, akaniambia, "Omera, ndugu yangu, mimi niliambiwa wewe hutaki," na machozi yalikuwa karibu. Mzee Onyango amenihamisha kwenye pikapu, kupakia unga, na amesema inspekta akirudi atanipa lori nifanye mazoezi wiki nzima. Nitafanya tena. Mtihani utarudiwa. Mtihani wa Marwa ndio sijui utarudiwa wapi. Alikuoa kanisani, baba akamkabidhi na mimi pia, na siku zote hizo alikula nami sahani moja.

Najua baba atasema ninyamaze kwa ajili ya ng'ombe. Najua ng'ombe za mahari alizotoa Marwa ndizo nilizotazamia kuolea. Kama zitarudi kwao, zirudi. Mimi nitaoa nikipata zangu. Usikae katika nyumba hiyo kwa sababu yangu, na usitoke kwa sababu yangu pia. Ukitaka kumsikiliza, msikilize. Neno moja tu nakuomba, usigombane na mama mkwe mbele ya watoto.

Nisalimie mama yetu, na umwambie kwa upole. Nisalimie baba, na mjomba mwalimu anayekuletea magazeti, na bibi mzaa baba, mwambie ugoro wake nimeununua. Wabusu watoto wote. Wao hawana kosa.

Marwa ameomba ruhusa, anakuja nyumbani Jumamosi ijayo, nafikiri ili afike kabla maneno hayajafika. Nami Mzee Onyango amenipa ruhusa. Nitafika Ijumaa. Akiingia uani atatukuta wawili.

Mimi wa tumbo moja nawe,
Mwita