Zaina Hana Baba kwenye Buku la Siti

Kasongo, Alhamisi. Mvua ya asubuhi imekatika. Matope yamebaki, na hasira yangu nayo imebaki.

Nimekaa barazani kwa Ramazani, fundi wa kushona, daftari juu ya goti. Ndani cherehani yake inanguruma. Siandiki ili nitulie. Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba mambo hayakuwa hivi.

Tulifika juzi kutoka Wamaza, mimi na binti yangu Zaina, juu ya magunia ya pamba katika lori la mnunuzi. Zaina ana miaka kumi na saba. Amefaulu mtihani wa shule ya wakunga, na masomo yanaanza Jumatatu. Kilichobaki kilikuwa mahali pa kulala. Nilidhani hicho ndicho chepesi.

Shule ni ya masista, bweni lao ni la waliobatizwa, na sisi ni Waislamu. Sista alinieleza kwa upole kabisa, kama mtu anayekwambia duka limefungwa: kusoma binti atasoma, ila kitanda hakuna, atafute nyumba siti, mtaa wa sisi weusi, kisha alete karatasi ya biro, ofisi ya serikali, inayoonyesha anaishi kwa nani. Yaani mikono yake inafaa kupokea watoto wote wa Kasongo, wa msikitini na wa kanisani, lakini mgongo wake haufai godoro lao.

Haya. Nyumba tunayo. Asina, mke mdogo wa Ramazani, ni wa ukoo wetu, na ameshampa Zaina chumba cha nyuma na mkeka mpya. Sheria ya Wazungu hairuhusu wake wawili siti, kwa hiyo Asina ameandikwa kuwa dada wa mume wake. Amezaa watoto watatu na huyo kaka yake. Mtaa mzima unajua, na karani anajua.

Leo asubuhi nikaenda biro na Zaina. Karani ni kijana, mweusi kama mimi, viatu vinang'aa. Akauliza baba wa binti ni nani. Nikajibu: mimi.

Sikusema uongo. Kaka yangu Omari alipofariki, Zaina alikuwa bado ananyonya. Siku ya kumaliza matanga, ukoo ulinikalisha mkekani ukaniwekea mtoto mapajani mbele ya watu wote. Kwetu, baada ya hapo, hakuna anayekuuliza tena. Ukimwita mtoto huyo "wa kaka yangu," umemtukana yeye na umemtukana marehemu.

Karani akafungua kitabu changu cha kitambulisho. Aliyekijaza kule Kabambare, kwenye ofisi ya kwetu, aliandika tu watoto niliowazaa.

"Huyu haiko hapa, mzee," akasema. "Ulimuzaa weye?"

Nikamweleza habari ya matanga na mkeka. Hilo ndilo kosa langu: niliamini kwamba ukweli ukielezwa vizuri unaeleweka. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema nimedanganya mbele ya serikali na ningeweza kufungwa. Binti hana baba, hana mume. Kwa hiyo kwenye buku la siti, daftari la wakazi, atakuwa mwanamke huru. Akachovya kalamu.

Hapa Kasongo kila mtu anajua maana yake. Ni mwanamke ambaye serikali imeshaamua kwamba anaishi kwa kutembea na wanaume. Anatozwa kodi yake peke yake, na polisi akitaka hugonga mlango wake. Hakuna sista atakayempa aproni binti mwenye karatasi hiyo.

Sasa nakiri. Mimi ninayewaandikia watu wa Wamaza barua za malalamiko, mimi niliyebishana na mnunuzi wa pamba juu ya mizani yake mbele ya soko zima, nilisema: samahani, bwana karani. Nilisema hivyo mara tatu.

Aliyesema neno la maana ni Zaina. Alisema polepole, macho chini, kama anayeomba maji.

"Bwana karani, kama ungekufa leo, mutoto wako angeandikwa hivyo?"

Kalamu ikasimama. Karani akatazama mlango, akashusha sauti.

"Leta mutu mwenye nyumba hapa siti. Aseme tu ni mutoto wake. Mi nitaandika, sitauliza kitu."

Hatauliza kitu.

Njia nzima nilikuwa nikiyatafuna maneno hayo. Mimi niliyemlea, niliyemfundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia chumvi, ndiye mwongo. Mtu aliyemwona Zaina kwa mara ya kwanza juzi atakuwa mkweli, kwa sababu nyumba yake ina namba. Wanasema wametuletea ustaarabu. Mimi nimeuona leo: ni buku linalokubali dada anayezaa na kaka yake, halafu linashindwa kumkubali mtoto aliyekabidhiwa mbele ya ukoo mzima.

Ramazani aliposikia alicheka hadi uzi ukamtoka kwenye sindano.

"Shemeji, nimeshaoa dada yangu," akasema. "Kuzaa binti yako ndiko kutanishinda?"

Asina naye amekubali. Mimi nikakataa. Nikasema nitamwandikia Mzungu wa teritwari, mkuu wa wilaya, na mkubwa wake, na magazeti. Nilishaanza kupanga maneno kichwani, na yalikuwa mazuri.

Zaina alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Barua itajibiwa mbele ya Jumatatu, Baba?"

Haitajibiwa mbele ya mavuno. Na hapo nikajiona: nilikuwa tayari kumrudisha Wamaza ili hoja yangu ishinde.



Barua nitaiandika, na itakuwa kali, lakini binti akishavaa aproni yake. Kesho asubuhi tunarudi biro. Ramazani atasema huyu ni mutoto wake, karani ataandika, na jina la Omari halitakuwemo, wala langu. Zaina ameniomba nibaki nyumbani. Anaogopa mdomo wangu. Nitakwenda. Nitasimama karibu na mlango, na akigeuka kunitazama, sitasema neno.